Tadlisi ya Herufi

Wanazuoni wa Hadithi, katika kazi yao ya kuchuja masimulizi yaliyonasibishwa na Mtume, walikutana na kosa ambalo halikuwa uongo, lakini halikuwa unyofu pia. Mpokezi anataja jina la sheikh mkubwa wa zama zake, anatumia tamko linaloweza kubeba maana mbili, "kutoka kwa fulani", na msikilizaji anaondoka akiamini kwamba mpokezi huyo alikaa mbele ya sheikh na kumsikia kwa masikio yake. Hakusema kwamba amemsikia. Katika kauli yake hakuna neno hata moja unaloweza kulikanusha. Kosa hilo waliliita tadlisi, na ukali wao juu yake ulipishana. Shu'ba bin al-Hajjaj, aliyefariki mwaka 160 Hijria, aliliweka jirani kabisa na uongo wenyewe. Imam Shafi'i alichukua njia ya tahadhari: aliyekwisha kujulikana kwa tadlisi asipokewe mpaka atamke wazi kuwa amesikia. Chini ya tofauti hizo palikuwa na utambuzi mmoja, kwamba namna ya kusema inaweza kumpoteza mtu hata pale ambapo kilichosemwa hakina doa. Naichukua hoja hiyo na kuipeleka mahali ambapo pengine haikutarajiwa, kwenye meza ya anayechora fonti mahususi kwa ajili ya vichwa vya habari vya jarida. Je, herufi, kitu kisichokuwa na kauli, inaweza kudanganya? Nasema inaweza, na kosa lake ni hilihili la tadlisi.

Ieleweke kwanza ni herufi zipi tunazozizungumzia. Zile ndogo za makala zina kazi ya kujificha. Beatrice Warde, alipowahutubia wachapaji wa London mwaka 1930, alizifananisha na bilauri ya kioo kisicho na rangi, inayomwachia mnywaji aone mvinyo asione bilauri. Kwa herufi za makala sina ugomvi naye. Herufi za vichwa ni habari nyingine: zimewekwa pale zionekane, na huonekana kabla hazijasomwa. Jambo hilo ni la kale kuliko majarida. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa upande wa kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Herufi zake zimesukwa na kuchanuliwa kiasi kwamba hata msomaji mzuri wa Kiarabu hapiti nazo kwa mtazamo mmoja. Aliyeziagiza hakuwa na haraka ya kusomwa; alitaka anayeingia ajue, kabla ya kusoma, kwamba amefika mahali penye heshima na penye watu waliounganika na ulimwengu wa ng'ambo ya bahari. Msahafu alioandika Ibn al-Bawwab mjini Baghdad mwaka 391 Hijria, ambao sasa umehifadhiwa Dublin, una hati ya naskhi kwa aya, na kwa majina ya sura una hati nyingine, ya dhahabu. Sauti mbili, kazi mbili. Kilicholetwa na majarida ni kwamba sauti hiyo ya juu sasa hununuliwa na kumilikiwa. The New Yorker, tangu toleo lake la kwanza mwaka 1925, limevaa herufi zilizoandaliwa na Rea Irvin, na mpaka leo msomaji anajua ni nani anayesema naye kabla hajajua anaambiwa nini.

Kujua ni nani anayesema: hapo ndipo ushahidi unapoanzia, na hapo ndipo unapoweza kughushiwa. Chukua Harper's Bazaar. Mwaka 1992 jarida hilo la mitindo la New York lilivishwa sura mpya chini ya mhariri Liz Tilberis na msanifu Fabien Baron, na Jonathan Hoefler akalichorea fonti inayofuata herufi za ukoo wa Didot, wachapaji wa Paris wa karne ya 18. Herufi za Didot hujulikana kwa tofauti kali ya mistari yake, mmoja mnene na mweusi, wa pembeni yake mwembamba kama unywele. Ugumu wake ni huu: ukiikuza herufi ya namna hiyo, unywele nao unanenepa na kuwa kamba, ukiipunguza, unakatika na kupotea. Hoefler aliichora fonti ileile mara saba, kuanzia pointi 6 hadi pointi 96, ili mstari ule ubaki mwembamba katika kila ukubwa. Ni kazi ya subira, na anayeidharau hajawahi kuitazama kwa makini. Lakini mstari ule unashuhudia nini? Firmin Didot alipozichonga herufi zake kwenye chuma katika miaka ya 1780, wembamba ule ulikuwa na gharama. Ulidai fundi mwenye mkono usiotetemeka, karatasi laini isiyo na alama za wavu wa kutengenezea, wino mzuri, na mtambo unaokandamiza sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Karatasi duni ingeumeza. Kwa hiyo aliyeuona mstari ule ukiwa mzima kwenye ukurasa hakuwa akiambiwa kwamba kazi imefanywa kwa uangalifu. Alikuwa akiuona uangalifu wenyewe.

Mwaka 1992, kwenye karatasi ya kung'aa na uchapaji wa ghali, silsila hiyo, kutoka mstari hadi uangalifu uliouzaa, ilikuwa imekonda lakini haijakatika. Leo imekatika. Fonti za mtindo wa Didot anaweza kuzipata yeyote mwenye kompyuta, na kwenye kioo cha simu mstari mwembamba haugharimu zaidi ya mstari mnene. Muuza manukato ya kughushi anaandika jina la bidhaa yake kwa herufi zilezile zilizokuwa zikiwagharimu akina Didot miezi ya kazi. Alama imebaki, sababu yake imeondoka. Huyu ndiye mpokezi anayetaja jina la sheikh ambaye hakuwahi kufika darasani kwake, na huwezi kumshika kwa neno lolote, kwa sababu jina la bidhaa ni jina tu na kila herufi iliyomo ni halali.

Atasimama mwenye mantiki aseme kwamba nimepotosha maana ya uongo. Uongo, atasema, ni kauli isiyolingana na hali ilivyo, na mahali pasipo na kauli hapana uongo. Umbo la herufi A si dai, na haliwezi kuwa kweli wala si kweli. Hoja hii ni nadhifu, lakini wenye kulichunguza suala la uongo kwa kina hawakuifuata. Mtakatifu Agostino, katika kitabu alichokiandika juu ya uongo mnamo mwaka 395, hakumfunga mwongo kwenye maneno. Aliona kwamba mtu mwenye jambo moja moyoni anaweza kudhihirisha jingine kwa maneno au kwa ishara yoyote ile. Na katika Sahihi Muslim kuna habari ya Mtume kupita sokoni, kuingiza mkono kwenye rundo la nafaka na kukuta chini yake mbichi kwa mvua. Muuzaji hakuwa ametamka kwamba nafaka yote ni kavu. Alikuwa ameipanga tu, na kwa kupanga huko akahesabiwa miongoni mwa wenye kughushi. Wafaransa nao, ambao katika mambo haya hawategemei vitabu vya dini, walilitia jambo hili kwenye sheria. Sheria yao ya uhuru wa magazeti ya tarehe 29 Julai 1881 inampa aliyetajwa gazetini haki ya kujibu, na inalibana gazeti lichapishe jibu hilo mahali palepale na kwa herufi zilezile za makala yaliyolizusha. Kwa nini herufi zilezile? Kama umbo na ukubwa wa herufi si sehemu ya kilichosemwa, kifungu hicho hakina maana. Jibu lingeweza kuchapishwa kwa herufi za mchwa kwenye kona ya ukurasa wa mwisho, maneno yote yakiwa kamili, na haki ikawa imetendeka. Waliotunga sheria ile walijua magazeti. Walijua kwamba tuhuma inayotamkwa kwa sauti ya juu na kukanushwa kwa mnong'ono haijakanushwa.

Pingamizi la pili ni gumu kuliko hilo. Maana ya sura ya herufi, wanasema, haimo ndani ya herufi. Ni mazoea tu, na mazoea hubadilika kwa amri ya siku moja. Ushahidi wao mzuri unatoka Ujerumani. Kwa miaka mingi herufi za kigothi zilishikiliwa na wazalendo wa huko kama herufi za damu ya Kijerumani, na utawala wa Nazi ukazipamba mabango yake nazo. Kisha tarehe 3 Januari 1941 ukatoka waraka wa Martin Bormann ukitangaza kwamba herufi hizo kumbe ni za Kiyahudi na zisitumike tena. Waraka wenyewe ulipigwa kwenye karatasi ambayo kichwa chake cha anwani kilikuwa kimechapwa kwa herufi za kigothi. Umbo halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni alichokiamua mwenye mamlaka. Basi, wanahitimisha, unawezaje kuituhumu herufi kwa udanganyifu ilhali haina maana yake yenyewe? Nakubali utangulizi wote wa hoja hii na nakataa hitimisho. Maneno nayo ni mazoea. Hakuna kitu ndani ya sauti za neno "maji" kinachotiririka, na bado anayekuuzia chupa ya maji yenye kitu kingine amekudanganya. Mazoea ndiyo yanayowezesha udanganyifu, kwani mdanganyifu anahitaji kitu ambacho wengine tayari wanakiamini. Kisa cha 1941 kinachothibitisha ni kwamba inawezekana kusema uongo juu ya herufi pia.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni makelele, kwa kuwa msomaji mtu mzima hasomi fonti, anasoma habari. Mwezi wa saba mwaka 2012 Errol Morris, mtengenezaji wa filamu, aliwawekea wasomaji wa New York Times kifungu kimoja cha maneno na kuwauliza kama wanaafiki dai lililomo. Hawakujua kwamba kifungu hicho kilikuwa kikitokea kwa fonti sita tofauti. Walioshiriki walikuwa zaidi ya 40,000, na walioonyeshwa fonti ya Baskerville waliafiki zaidi kuliko wengine. Tofauti ilikuwa ndogo sana, na jaribio la namna hiyo halikuwa la maabara. Sitaki kulitwisha mzigo lisioweza kuubeba. Mwezi huohuo, tarehe 4, mwanafizikia Fabiola Gianotti alisimama CERN kutangaza matokeo yaliyoelekeza kwenye chembe ya Higgs, jambo lililosubiriwa kwa karibu nusu karne, na kurasa alizozionyesha zilikuwa zimeandikwa kwa Comic Sans, fonti ya utani na ya kadi za watoto. Kejeli zilivuma. Fizikia ilikuwa sahihi na hakuna aliyeikana, lakini watu waliona pengo kati ya uzito wa jambo na sauti iliyolibeba, na pengo hilo liliwakera. Gianotti hakumdanganya mtu. Alikosea upande ulio salama, akavaa nguo duni kuliko hadhi yake. Ila sikio lililosikia pengo lile ndilo sikio lilelile ambalo halisikii kitu pale jambo duni linapovaa nguo za heshima. Tunashtuka heshima ikikosekana. Ikizidi, tunaiamini.

Kwa nini basi wasitumie tu fonti isiyosema kitu? Helvetica, iliyochorwa na Max Miedinger huko Uswisi mwaka 1957, ilisifiwa kwa hilo, kwamba haina lafudhi. Mimi naona kwamba kati ya madai yote ambayo herufi inaweza kuyabeba, dai la kutokuwa na upande ndilo zito kuliko yote na ndilo lisilochunguzwa. Anayezungumza kwa Didot amekiri walau kwamba anataka kupendeza. Magazeti ya udaku ya Dar es Salaam, yenye vichwa vyekundu vilivyojaa ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo, yana uaminifu wake: kila apitaye kibandani anajua anapigiwa kelele, na ananunua akijua. Lakini jarida linalochagua herufi za kimya, zilizonyooka kama fomu ya serikali, linasema kwamba hapa hakuna mtu, kuna ukweli tu unaojieleza. Pengine ni kweli. Pengine nyuma ya herufi hizo kuna mwenye jarida mwenye madeni na marafiki. Kimya kile hakikutofautishii.

Sasa tumfikie mchoraji mwenyewe, ambaye hali yake ni ya ajabu. Mshairi hutunga akiwa na maneno; mchora fonti hutunga kwa ajili ya maneno ambayo hayajakuwapo. Anakabidhi alfabeti, anaondoka, na kwa miaka mingi baadaye herufi zake zitatamka vifo, sifa, kashfa na bei za viatu bila yeye kuulizwa. Mwaka 2000 jarida la wanaume la GQ liliagiza fonti mpya, na Tobias Frere-Jones akaenda kuitafuta mitaani New York, kwenye maandishi ya majengo ya katikati ya karne iliyopita, hasa yale yaliyo juu ya kituo cha mabasi cha Port Authority. Herufi zile za majengo hazikuwa na mbunifu mwenye jina. Zilikuwa herufi za wahandisi na mafundi, watu waliotaka tu mlango uonekane. Fonti ikaitwa Gotham. Muda wa jarida kuwa nayo peke yake ulipokwisha ikauzwa kwa umma. Tarehe 4 Julai 2004 ikachongwa kwenye jiwe la msingi la mnara uliokuwa ujengwe mahali palipoangushwa majengo pacha, na mwaka 2008 ikabeba kampeni ya Barack Obama. Herufi za mafundi zilikuwa zimeuza suti, zikaomboleza, zikaomba kura. Je, GQ lilifanya tadlisi, likiazima unyofu wa watu wa kazi ili kuuza mavazi ambayo watu hao hawawezi kuyanunua? Naelekea kusema ndiyo, kidogo. Wala simlaumu Frere-Jones, ambaye alitaja wazi alikozitoa. Mchoraji akishasema chanzo chake amefanya kama yule mpokezi wa Shafi'i anayetamka wazi. Mengine ni ya mhariri, kwa sababu kila kichwa cha habari ni simulizi jipya, na sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi, ya simulizi la jana hailithibitishi la leo.

Kuna wanaoona kwamba fonti mahususi ndiyo dawa ya haya yote: jarida lisiazime sauti ya mtu, litengeneze yake. Historia ya jarida la Avant Garde inaonyesha ukweli wa hoja hiyo na mwisho wake. Ralph Ginzburg alilianzisha New York mwaka 1968, akiwa tayari na hukumu ya mahakama shingoni kwa sababu ya jarida lake la awali, na Herb Lubalin akalichorea jina lake kwa herufi zilizoinama na kuingiliana, kila moja ikiegemea jirani yake. Umbo lile lilitoka ndani ya maneno yale mawili na jarida lile lenye kuthubutu. Mwaka 1970 herufi hizo zikatolewa kama fonti kamili kwa yeyote anayetaka, na punde herufi zilezile zikawa zinaegemeana kwenye maneno yasiyohitaji kuegemeana, kwenye matangazo ambayo hayakuthubutu kitu. Mwaka uliofuata jarida lilikufa. Fonti inaishi hadi leo. Sauti ya pekee, basi, inaweza kuwa ya kweli, lakini inakuwa ya kweli kwa aliyeilipia kwa mwenendo wake, na kwa muda ule tu anaoendelea kuilipia.

Jarida la Kiswahili litakaloamua siku moja kuagiza fonti yake litakutana na mambo haya kwa njia ya vitendo mapema kuliko linavyodhani. Wachora fonti wa Ulaya na Marekani wana mazoea ya kuanza kazi kwa neno la majaribio lisilo na maana, Hamburgefonstiv, lililoundwa ili kukusanya maumbo makuu ya herufi. Neno hilo halina k, halina w, halina y wala z. Fonti iliyokomaa juu ya neno hilo itafika kwenye "wakazi", "kwaya" na "ng'ombe" ikiwa mgeni, mistari ya mshazari ikiacha mashimo ya weupe, na ile ritifaa ya ng' ikielea kana kwamba kuna herufi imedondoka. Mhariri atalazimika kumpa mchoraji maneno ya kwetu, na uchaguzi wa maneno hayo ndio uamuzi wa kwanza juu ya sauti ya jarida. Kwa kawaida watachagua maneno ya fahari: Taifa, Uchumi, Mwamko. Ningeomba orodha iwe na "Tulikosea" pia, ichorwe kwa pointi zilezile 96, kwa sababu herufi inayopendeza kwenye Taifa na kuonekana ya kipuuzi kwenye Tulikosea imechorwa kwa ajili ya nusu tu ya kazi ya gazeti, na mhariri anayeona aibu kuiweka pale juu amekwisha kujibu swali la Shu'ba.